Namna ya Kuandika Historia ya Jengo Dogo la Maduka la Pembezoni mwa Jiji

Majengo makubwa ya maduka yamekwisha kupata waandishi wake. Southdale Center, lililofunguliwa Oktoba 1956 huko Edina, Minnesota, hutajwa karibu kila panapozungumziwa asili ya biashara hii, na habari za waliolijenga na waliolisanifu hupatikana bila shida. Jengo dogo la kitongojini, lenye fremu ishirini au thelathini, supamaketi upande mmoja na maegesho mbele, halina bahati hiyo. Gazeti la eneo liliandika habari zake lilipofunguliwa, likaziandika tena lilipofungwa au kubomolewa, na kati ya habari hizo mbili ikabaki miaka mingi ambayo hakuna aliyeiwekea kumbukumbu kwa makusudi. Mwongozo huu unahusu namna ya kuijaza miaka hiyo ya katikati, kwa sababu humo ndimo historia yenyewe ilimo.

Wengi wanaoingia katika kazi hii huanza na hafla ya ufunguzi, wakamtaja kiongozi aliyekata utepe, wakaongeza kumbukumbu tamu za utotoni, na wakifika hapo hukwama. Shauri langu ni kuanzia kwa wapangaji. Jengo la maduka ni biashara ya kupangisha nafasi kabla halijawa kitu kingine chochote, na ukishajua nani alipanga fremu ipi, tangu lini hadi lini na kwa masharti gani, mambo mengine yote, yaani upanuzi, ukarabati, kuuzwa na kudorora, hupata mahali pake.

Jedwali la fremu

Chora ramani ya ndani ya jengo, hata kama ni kwa mkono, na uipe kila fremu alama yako mwenyewe. Usitegemee namba zilizobandikwa milangoni, kwa kuwa fremu mbili huunganishwa kuwa moja, moja hukatwa kuwa mbili, na mwenye jengo mpya anaweza kubadilisha namba zote kwa siku moja. Kisha tengeneza jedwali ambalo safu zake za kulala ni fremu na safu zake za kusimama ni miaka. Ndani ya kila kisanduku andika jina la biashara, aina yake, na chanzo cha habari hiyo. Kisanduku kisicho na chanzo kiache kitupu, hata kama una hakika moyoni kwamba duka la viatu lilikuwapo.

Vyanzo vya kujazia jedwali ni vya kawaida: vitabu vya simu vya miaka iliyopita, orodha za anwani za wafanyabiashara, leseni za biashara, picha za familia zilizopigwa mbele ya maduka, na zaidi ya vyote matangazo ya magazeti. Msimu wa sikukuu na wa kufungua shule ndio hasa wa kutafuta, maana wapangaji walizoea kuchangia gharama za ukurasa mzima wa tangazo la pamoja, na ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kukupa nusu ya majina ya mwaka mzima. Ikiwa gazeti limehifadhiwa katika mikrofilamu, pitia kurasa zenyewe kwa macho badala ya kutegemea utafutaji wa maneno peke yake, kwa sababu matangazo yenye maandishi ya mapambo mara nyingi hayasomeki vizuri kwa mashine.

Hapa pana jambo dogo linaloharibu historia nyingi. Kitabu cha simu cha mwaka fulani hukusanywa miezi kadhaa kabla ya kuchapishwa, kwa hiyo duka linaweza kuonekana humo likiwa limekwisha kufungwa, na jingine likakosekana ingawa tayari linauza. Kwa sababu hiyo tofautisha katika jedwali lako kati ya «lilionekana mara ya kwanza» na «lilifunguliwa», na kati ya «lilionekana mara ya mwisho» na «lilifungwa». Maneno haya manne yanatoa ahadi tofauti kwa msomaji, na atakayekuja kusahihisha kazi yako atakushukuru kwa kuyatenganisha.

Jedwali likishajaa kiasi, lisome kwa njia mbili. Ukilisoma kwa kulala utaona tabia ya fremu moja moja: ile ya pembeni karibu na mlango wa nyuma iliyobadilisha wapangaji kila baada ya miaka miwili, na ile ya kinyozi ambaye hakuondoka hata jengo lilipobadilisha wenyewe mara tatu. Ukilisoma kwa kusimama utaona miaka ya mtikisiko. Mwaka ambao fremu sita zimebaki wazi kwa mkupuo ni mwaka wa kuufanyia uchunguzi, na mara nyingi jibu lake limo ndani ya mikataba.

Mikataba na mpangaji mkuu

Mtu asiyeelewa mikataba ya pango ataandika kwamba jengo «lilipoteza mvuto», na hapo hajaeleza kitu. Katika jengo dogo kuna kwa kawaida mpangaji mkuu mmoja, au wawili: supamaketi, duka la nguo la ghorofa mbili, au sinema. Yeye ndiye anayewavuta watu, na kwa kuwa anajua nguvu zake, hulipa kodi ndogo kwa kila mita ya mraba kuliko kinyozi au duka la saa. Wapangaji wadogo ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mapato ya mwenye jengo, nao wanakubali kodi hiyo kwa sababu ya wapita njia wanaoletwa na yule mkubwa.

Kutokana na hali hiyo, mikataba mingi ya wapangaji wenye majina huwa na kifungu kinachosema kwamba mpangaji mkuu akiondoka, au idadi fulani ya fremu ikibaki wazi, wao wanaruhusiwa kulipa kodi iliyopunguzwa au kuvunja mkataba bila adhabu. Kifungu hicho kinaeleza kwa nini majengo madogo huanguka kwa kasi ambayo waliokuwapo huiona kama muujiza mbaya. Supamaketi inafungwa, kodi za maduka matano zinashuka kwa nguvu ya mkataba, mwenye jengo anakosa fedha za kutengeneza paa na kulipa rehani, maduka mawili yanahama, na kuhama kwao kunafungua kifungu kilekile katika mkataba wa mwingine. Ukiwa na jedwali lako mkononi, unaweza kuufuatilia mfululizo huo mwaka kwa mwaka na hata kuonyesha fremu iliyoanza.

Vifungu vingine vya kutafuta ni hivi. Kipo kinachompa mpangaji haki ya kuwa peke yake katika aina yake ya biashara, na ndicho kinachoeleza kwa nini jengo zima lilikuwa na duka moja tu la dawa kwa miaka mingi. Kipo kinachomzuia mpangaji kufungua tawi jingine ndani ya umbali uliowekwa. Kipo kinachomtaka alipe, juu ya kodi ya kila mwezi, asilimia ya mauzo yanayozidi kiwango fulani. Pale ambapo hesabu hizo zimehifadhiwa, una kipimo cha mauzo ambacho hakuna gazeti linaloweza kukupa. Na kuna jambo ambalo wageni wa fani hii hawalitarajii: mpangaji mkuu anaweza kufunga duka lake na bado akaendelea kulipa pango kwa miaka, ikiwa mkataba haumlazimishi kufanya biashara, ili mshindani wake asiipate nafasi hiyo. Fremu kubwa iliyokaa giza kwa muda mrefu haimaanishi siku zote kwamba hakuna aliyeitaka.

Mikataba yenyewe hupatikana wapi? Wenye majengo wachache sana watakuonyesha ya kwao. Hata hivyo, katika nchi nyingi mikataba ya muda mrefu husajiliwa katika ofisi ya ardhi, angalau kwa muhtasari. Mahali panapotoa zaidi ni mahakamani. Mpangaji akimshtaki mwenye jengo, au kampuni ikiingia katika ufilisi, mkataba huambatishwa kwenye jalada pamoja na barua, orodha ya wadai na wakati mwingine hesabu za mapato. Kesi moja ya kugombania paa linalovuja inaweza kukufaa kuliko miaka kumi ya magazeti.

Ardhi na karatasi za ujenzi

Sehemu hii ina utaratibu wake na haihitaji maelezo marefu. Katika ofisi ya ardhi fuatilia hati miliki kurudi nyuma hadi kabla ya jengo, ili ujue ardhi ilikuwa shamba, kiwanda au makazi ya watu, na nani aliiuza. Andika kila uhamisho wa umiliki na kila rehani, kwa maana rehani mpya mara nyingi ndiyo dalili ya ukarabati, na ukarabati huonekana katika jedwali. Katika ofisi ya mipango miji ulizia vibali vya ujenzi, michoro na kumbukumbu za vikao ambamo majirani walipinga au kuunga mkono mradi. Kwa miji ya Marekani, angalia pia ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa mwaka 1867, ambazo zinaonyesha umbo la majengo na vifaa vyake vya ujenzi.

Picha za angani ni msaada mkubwa, lakini chagua zinazofaa. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na nukta moja ya picha zake ilifunika takribani mita 80 ardhini, kwa hiyo jengo dogo lingekuwa doa tu. Hata picha za mita 30 za kuanzia miaka ya 1980 zinatosha kukuonyesha kwamba shamba limegeuka lami, si zaidi. Picha zilizopigwa kwa ndege kwa ajili ya upimaji ndizo zinazoonyesha mistari ya maegesho na mabawa ya jengo yaliyoongezwa. Kwa miaka ya karibuni, hifadhi ya mtandaoni ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, inaweza kuwa na nakala za tovuti ya jengo zenye orodha kamili ya wapangaji, na Street View ya Google, iliyoanza mwaka 2007, inakuruhusu katika maeneo mengi kutazama picha za barabarani za miaka iliyopita.

Kulisoma jengo lenyewe

Ikiwa jengo bado limesimama, nenda ukalitazame kwa utaratibu, ukianzia nje. Herufi za bango zinapoondolewa ukutani huacha kovu: rangi iliyokuwa chini yake haikupigwa na jua wala vumbi, kwa hiyo jina la duka lililoondoka husomeka likiwa jeupe zaidi au jeusi zaidi kuliko ukuta unaolizunguka, pamoja na mashimo ya skrubu yanayofuata umbo la kila herufi. Kovu la namna hii huonekana vizuri asubuhi au jioni, mwanga unapopiga ukuta kwa upande. Lipige picha kwa ukaribu na kwa mbali, kisha lilinganishe na jedwali. Wakati mwingine utakuta majina mawili, moja limelala juu ya jingine, na hapo unapata mfuatano wa wapangaji bila karatasi yoyote.

Zunguka nyuma, penye ukumbi wa kupakulia mizigo. Wenye majengo hupaka rangi upande wa mbele kila wanapotaka kuuza, ila upande wa nyuma huachwa ulivyo. Humo utaona mahali ambapo rangi ya tofali inabadilika ghafla au ambapo ufa wa makusudi unashuka kutoka paa hadi chini, ishara kwamba jengo liliongezwa. Hesabu mita za umeme na usome maandishi ya zamani yaliyo juu yake, maana aghalabu majina ya wapangaji wa kwanza yameachwa pale kwa kalamu ya rangi. Ndani, tazama chini kwenye kizingiti cha kila fremu: vigae vya ukumbi na vya duka vikikutana, tabaka la sakafu iliyotangulia huchungulia. Lifti ina kibao chenye mwaka. Hata vyoo vina la kusema, kwani baadhi ya viwanda vya kauri hugonga tarehe ya kutengenezwa upande wa ndani wa mfuniko wa tangi, na tarehe hiyo huwa karibu sana na tarehe ya ujenzi au ya ukarabati.

Kabla ya kufunua mifuniko ya watu, omba ruhusa kwa maandishi. Kumbi za jengo la maduka zinafanana na mtaa, lakini ni mali ya mtu binafsi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia mwaka 1972, katika kesi iliyohusu jengo la maduka la Lloyd Center la Portland, Oregon, kwamba mwenye jengo anaweza kuwakataza watu kugawa vipeperushi humo; mwaka 1980, katika kesi ya PruneYard la California, ikakubali kwamba katiba ya jimbo inaweza kuwapa watu haki pana zaidi. Nchi nyingine zina sheria zake. Kesi hizi zinakukumbusha pia swali la kuliweka katika utafiti wako: nani aliruhusiwa kukaa humo bila kununua kitu, na nani alifukuzwa na walinzi?

Mahojiano

Mameneja hujua sababu rasmi. Wasafishaji, walinzi, wapokea mizigo na fundi wa umeme hujua yaliyotokea. Watafute hao kwanza, na unapokutana nao usiwaulize tarehe, kwa kuwa tarehe ndicho kitu cha kwanza kusahaulika. Wape ramani ya fremu na uwaulize walisimama wapi, jirani yao wa kulia alikuwa nani, wa kushoto nani, na nani alikuwa tayari ameondoka walipoanza kazi. Ujirani hukumbukwa vizuri ajabu, nao jedwali lako litaugeuza kuwa miaka. Omba idhini ya kurekodi sauti, eleza rekodi itahifadhiwa wapi, na mpe mtu nafasi ya kuondoa maneno yake.

Pokea kwa tahadhari maelezo ya kwa nini jengo lilikufa. Maelezo yanayorudiwa mno ni kwamba wizi ulizidi, au kwamba «watu wa namna fulani» walianza kuja. Mara nyingi maelezo hayo hubeba chuki ya wakati wake. Yaweke mbele ya jedwali: ikiwa mpangaji mkuu aliondoka miaka mitatu kabla ya habari ya kwanza ya wizi kuandikwa, basi utupu ulitangulia na hofu ikafuata. Usichapishe tuhuma dhidi ya mtu anayetambulika kwa kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja.

Muktadha, kwa kiasi

Msomaji anahitaji kujua jengo lako lilizaliwa katika wimbi gani, ila hahitaji kusimuliwa historia nzima ya maduka tangu Galleria Vittorio Emanuele II ya Milan, iliyozinduliwa mwaka 1867. Chukua tu sababu zilizoligusa jengo lako. Kwa jengo la Marekani la miaka ya 1950 na 1960, sababu hizo kwa kawaida ni nne: familia zilizohamia vitongojini na magari yao, sheria ya kodi ya serikali ya mwaka 1954 iliyowaruhusu wawekezaji kuhesabu uchakavu wa majengo mapya kwa haraka zaidi, hivyo kujenga jipya kukawa na faida ya kikodi kuliko kutunza la zamani, sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, na maduka ya bei nafuu, ambayo katika mwaka mmoja tu wa 1962 yalianza kwa majina ya Kmart, Target na Walmart, yakaja kuwanyang'anya wateja wapangaji wakuu wa majengo madogo. Kwa jengo lililo nchi nyingine, sheria hizo mbili hazihusiki hata kidogo. Tafuta za nchi hiyo.

Msanifu Victor Gruen, aliyezaliwa Vienna mwaka 1903 na kukimbilia Marekani mwaka 1938, anastahili sentensi mbili ikiwa jengo lako lina uwanja wa ndani uliofunikwa. Southdale alilolisanifu lilikusudiwa kuzungukwa na makazi, shule na huduma za afya, nalo likaigwa bila hayo yote, jambo lililomfanya baadaye ayakane hadharani majengo yaliyotokana na wazo lake. Ikiwa jengo lako ni safu ya fremu zinazotazama maegesho, mwache Gruen apumzike.

Jihadhari na neno «la kwanza». Southdale huitwa jengo la kwanza la maduka lililofunikwa lote, lakini Valley Fair la Appleton, Wisconsin, lilifunguliwa mwaka 1955 na lina watetezi wake. Ubishi wa aina hiyo hutokana na vigezo, basi taja kigezo chako au uliache neno hilo. Ndivyo ilivyo pia kwa ukubwa: matangazo ya ufunguzi hupenda kutaja eneo lote la jengo, ilhali wenye biashara hupima eneo linaloweza kupangishwa, ambalo halihesabu kumbi za pamoja. Kwa kipimo hicho cha pili, chama cha kimataifa cha vituo vya maduka huanza kuliita jengo «la kimkoa» linapofikia futi za mraba 400,000, yaani kama mita za mraba 37,000; majengo mengi madogo yako mbali chini ya hapo.

Kuandika na kuhifadhi

Panga simulizi kwa vipindi vinavyotokana na jedwali, si kwa miongo. Kipindi kinaweza kuwa cha miaka miwili au cha kumi na saba. Mpaka wake ni pale ambapo mpangaji mkuu, mwenye jengo au umbo la jengo lilibadilika. Usifunge hadithi siku milango ilipofungwa. Dixie Square, huko Harvey, Illinois, lilifunguliwa mwaka 1966 na kufungwa mwaka 1978, likatumiwa kupigia filamu mwaka uliofuata, na halikumalizika kubomolewa hadi mwaka 2012: lilikaa wazi bila biashara karibu mara tatu ya muda liliofanya biashara, na miaka hiyo yote kulikuwa na mwenye mali, majirani na malalamiko ya kuandikwa. Jengo lako huenda likawa kanisa, shule ya ufundi, zahanati au ghala, na wapangaji hao wapya wanastahili visanduku vyao katika jedwali kama walivyostahili wauza viatu.

Mwishowe peleka nakala ya jedwali, ramani na mahojiano katika maktaba au hifadhi ya nyaraka ya eneo. Jedwali liwe katika faili la maandishi ya kawaida linaloweza kusomwa bila programu maalumu. Kila picha iandikwe tarehe, mahali mpigaji aliposimama na alama ya fremu inayoonekana, na jina la mwenye hakimiliki litajwe. Visanduku vitupu viachwe vionekane, kwa sababu mzee mmoja mwenye boksi la risiti chini ya kitanda anaweza kuja maktaba mwaka ujao, akatazama safu ya fremu aliyoifanyia kazi, na kujua mara moja ni kipi anachoweza kukijaza.